Joho la Mzee Hamadi

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Hombo! Itikieni kwa sauti, hapa si matangani. Mimi Bakari muuza vitambaa mnanijua. Lakini hamjui kwa nini nikipita penye harusi lazima nisimame niombe dua, hata kama sikualikwa.

Enzi zile za mamluki nilikuwa askari Moroni. Kijana wa hapa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, bunduki begani, kiburi tele. Swala nilimwachia mama yangu. Niliwacheka Wangazija, wenyeji wa kisiwa kile, kwa harusi yao kubwa: mtu anajinyima miaka ishirini ili siku moja avae joho aketi mbele ya watu, la sivyo hata akiota mvi ataitwa mtoto na barazani hana neno. Nikasema huo upuuzi.

Alfajiri moja mamluki wa Kizungu wakatua ufukweni, na baadhi ya askari wenzetu wakajiunga nao. Ndugu kwa ndugu tukaelekezeana bunduki. Sisi sita tuliamriwa kuziba njia ya mtaa wa Magoudjou wasiingie katikati ya mji. Tukapanga mapipa na milango mibovu, tukalala nyuma yake. Tuliwazuia, wallahi, mpaka jua likapanda. Kisha risasi zikatuishia. Redio ikatangaza kwamba mji umechukuliwa na sisi tunatafutwa. Wenzangu wenyeji wakakimbilia kwa shangazi zao. Mimi mgeni, shangazi nimtoe wapi?

Niliruka ukuta nikaangukia kwenye masufuria ya harusi. Ng'ombe wameshachinjwa, wageni wa kijiji cha Mvouni wameteremka tangu jana yake, nyumba imejaa wanawake. Bwana harusi tu ndiye aliyekwama njiani kwa ajili ya risasi. Mama wa bibi harusi, Bi Mwanaesha, alinitazama mara moja.

"Mwanangu, vua magwanda."

Magwanda yakaenda motoni chini ya sufuria ya nyama, bunduki ikazikwa kwenye gunia la mchele, na viatu vya jeshi akavikalia yeye mwenyewe kama kuku anayeatamia. Nikavikwa joho lililokuwa likimsubiri bwana harusi kwenye sinia, nikaketishwa kwenye kiti cha heshima. Akanionya nisifungue kinywa, maana neno moja tu lingetosha kuonyesha kwamba mimi ni mtu wa Nzwani.

Wakaingia mamluki mmoja Mzungu na askari wetu watatu walioasi. Wakageuza magodoro, wakafunua masufuria. Ndugu zangu, nilisoma Fatiha nikaikosea. Mimi shujaa! Nikamwambia Mola wangu: nitoe humu, nami nitakuwa mja wako.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Hamadi, karani wa forodha, bwana harusi mwenyewe, mvi kichwa kizima, jasho la vichochoroni linamtiririka. Akaniona kwenye kiti chake, ndani ya joho lake.

"Na wewe nani?" askari mmoja akamwuliza.

Angedai haki yake tu, mimi ningetolewa nje nikapigwa risasi. Na haki hiyo ameitafuta miaka ishirini.

Mzee akaja mbele yangu, akainama, akanipa mkono kama mdogo anavyomwamkia mkubwa.

"Hongera, bwana harusi," akasema. Kisha akamgeukia askari: "Mimi nimekuja kula tu."

Akaenda kuketi mlangoni penye viatu, pamoja na wale wasio na neno barazani.

Bi Mwanaesha akapiga kigelegele, wanawake wote wakamwitikia mpaka masikio yakaziba. Askari wakapakuliwa nyama, wakala, wakaondoka.

Tuliposikia gari limeteremka, nilianguka miguuni pa mzee nikalia kama mtoto. Akanishika bega. "Inuka, mwanangu. Utanilowesha joho, na mimi bado sijaoa." Tukacheka sote. Mji umetekwa, na sisi tunacheka!

Ndugu zangu, Moroni nilishindwa kuilinda, lakini Mwenyezi Mungu alinilinda mimi kwa mkono wa watu niliokuwa nikiwacheka. Tangu siku ile swala hainipiti. Wewe uliyeketi huko nyuma ukidhani milango yote imefungwa, mtegemee Yeye. Ruka ukuta, hujui amekuwekea nani uani.

Siku niliyopanda boti kurudi kwetu, Mzee Hamadi, harusi yake imeshafanyika, alikuja bandarini na joho lake ndani ya kifurushi. Hiki hapa, kifungueni mwone. Mwenye harusi na hana joho, aje alichukue bure. Limeshavaliwa na mabwana harusi kumi na mmoja, na wa kumi na mbili, wa uongo, ndiye huyu anayewashukuruni kwa kumsikiliza.