Picha ya Kifua Iliyonikosesha Kazi ya Bomba

Wapendwa, Bwana Yesu apewe sifa. Naitwa Rehema, mama wa watoto wawili, naishi Magomeni. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha, kwenye karakana moja huku Kariakoo. Nimesimama kushuhudia, ingawa ushuhuda wangu una machozi ndani yake.

Kazi hii nilifundishwa na Fundi Shabani. Watu walimcheka kwa kumchukua mwanamke, yeye akanipa miwani na kunisimamia mpaka mkono ukatulia. Iliposikika kwamba kampuni moja inatafuta mafundi wa kuunga bomba la mafuta, ni yeye aliyenisukuma.

"Mageti umeshayaweza, mwanangu. Nenda kwenye bomba."

Nikaenda. Ndugu zangu, nilichomelea mbele ya wakaguzi, wakaipiga picha ya eksirei sehemu niliyounga kutafuta kasoro ndani yake, hawakuiona. Nikaambiwa nimepita, vimebaki vipimo vya afya tu. Nikaanza kuaga wateja.

Kumbe na mimi nilikuwa wa kupigwa picha. Daktari aliitazama ya kifua changu, akanirudisha kwenye kiti.

"Mama, una kifua kikuu. Kinatibika, lakini kwenye kambi ya wajenzi wa bomba hutakwenda sasa."

Nilikuwa nakohoa, ni kweli. Lakini katika kazi yetu nani hakohoi? Nilidhani ni moshi.

Nikaanza dawa. Watoto wangu wakapimwa, Mungu akawahifadhi, wakakutwa salama. Ila mimi nililia, na sikuulilia ugonjwa, niliililia ile kazi. Nilipomaliza dozi nikapona, nafasi zilikuwa zimejaa zamani. Nikimwona mtu amevaa ovaroli la bomba, nageuza uso. Kwaya nikaacha. Nilimuuliza Mungu kwa nini alinifikisha mlangoni.

Wakati huohuo Fundi naye alikuwa akikohoa. Tangu siku nilipojua hali yangu nilimsihi akapime. Mkewe, Mama Zuhura, alimsihi. Alitujibu lilelile kila mara, kwamba ni moshi wa kazi, amezeeka nao. Tulipomfikisha hospitali hakuweza tena kutembea. Dawa za kifua kikuu zilimkuta amechelewa. Alifariki, wapendwa, yule aliyenishika mkono.

Msibani nilikaa mkekani karibu na Mama Zuhura. Akanishika kiganja, akaniambia polepole:

"Wewe, Rehema, ile kazi ndiyo iliyokupima. Yeye nani angemlazimisha?"

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti, na kwa mara ya kwanza nikashukuru kwa picha ile. Uchungu niliokuwa nao juu ya Mungu ulinitoka hapohapo. Hapo ndipo Mungu aliponifungua, kuliko hata aliponiponya kifua.

Sitawadanganya, ndugu zangu. Bomba bado linaniuma. Ningependa niwe nimeunga hata kipande kimoja, na Fundi awe hai nimsimulie. Hayo mawili siyapati tena. Lakini napumua, na wanangu wana mama, na Jumapili iliyopita niliimba tena.

Kama mlango uliouombea umefungwa usoni pako, mtumaini Yeye hata kabla hujaelewa. Na wewe unayekohoa hapo ulipokaa ukisema ni vumbi la mjini, ibada ikiisha nisubiri nje. Kesho asubuhi nitakusindikiza ukapime.