Miaka Arobaini na Mitatu ya Alvah Putney Katika Chumba cha Kukwangua

Ndugu Alvah Putney anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Machi 1911, baada ya kukitumikia Kiwanda cha Wardwell na Pike kwa miaka arobaini na mitatu. Meneja ameniomba mimi, Orrin Tewksbury, niandike wasifu wake, kwa kuwa tuliajiriwa katika wiki ileile na meza zetu za kazi zimepakana tangu siku hiyo. Hakuniuliza kama nampenda. Nasema mapema ili msomaji asije akashangaa: kwa miaka yote hiyo nimemwonea wivu.

Tulipoingia mwaka 1868 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha, na bunduki ambazo wazee Wardwell na Pike walianza kuzitengeneza mwaka 1846 hazikuwa na mnunuzi. Wakageukia mashine za kukereza chuma. Leo mashine zetu zinakereza vipuri vya cherehani, saa na baiskeli nchi nzima, na kila moja imekaa juu ya kitanda cha chuma kilichonyooshwa kwa mkono. Wageni hawaamini wakiambiwa. Mtu anapaka rangi ya buluu kwenye rula ya chuma, anaisugua juu ya kitanda, kisha anakwangua kila mahali palipoinuka na kushika rangi. Anarudia hivyo siku nyingi, hadi madoa yaenee sawasawa. Katika kazi hiyo Alvah hana mwenzake. Imeniuma kuiandika sentensi hiyo, lakini ndiyo kweli.

Mto ulipoingia karakanani mwaka 1869, Alvah alifunga rula kuu ya kiwanda ndani ya koti lake akapanda nayo mlimani, akitetemeka kwa baridi. Mimi niliokoa saa ya ofisini, ambayo ni nzito kuliko rula ile mara tatu. Mpaka leo, kila tukikutana kula maharage ya Jumamosi kanisani, habari ya rula husimuliwa upya. Ya saa haisimuliwi, ingawa saa hiyo ndiyo inayowaruhusu kwenda nyumbani jioni.

Mwaka 1876 alitumwa Philadelphia kwenye maonyesho makubwa. Inasemekana mhandisi mmoja Mjerumani alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya kitanda alichokikwangua Alvah, kisha akavua kofia. Siku hiyo mimi nilikuwa hapa Vermont nikishona mikanda ya mashine iliyokatika. Alvah alirudi na kofia ya majani, akaivaa miaka kumi na miwili. Ilimpendeza, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Sasa nifike mwaka 1884, maana nisipousema mimi watausema wengine. Nafasi ya msimamizi wa chumba chetu ilikuwa wazi. Nilihesabu madoa ya buluu kwenye kitanda cha Alvah, nikaapa changu kitakuwa na mengi zaidi. Kilikuwa tayari kizuri, nami nikaendelea kukwangua siku tatu nzima. Nilipoinua kichwa, chuma kilikuwa kimepungua kiasi kwamba kichwa cha mashine, kinachozungusha kipuri, na mkia unaokishikilia upande wa pili havikutazamana tena. Kitanda kilirudishwa tanuruni kuyeyushwa, na usimamizi akapewa Alvah. Amefundisha watu ishirini na sita tangu hapo na hajawahi kunikumbusha kosa lile. Ningefurahi kama angenisimanga hata mara moja.

Desturi yetu mnaijua. Mashine ya mwisho ya anayestaafu hukaguliwa na mwenzake anayemchagua mwenyewe. Ikipita, jina lake linagongwa chini ya kitanda. Isipopita, inaondoka bila jina. Watu huchagua marafiki, na ukaguzi huisha kabla kahawa haijapoa. Alvah alinichagua mimi, na karakana nzima ikapigwa na butwaa.

Nilikagua tangu asubuhi Jumanne. Nilikuwa natafuta kosa, sitajitetea, na karibu na saa sita mchana nikalipata: doa zito la buluu, kama ukucha wa kidole kidogo, upande wa kivulini. Nilifurahi. Kisha nikamwona Alvah akiliangalia doa lilelile, na halioni. Tangu majira ya majani kuanguka alikuwa akifutafuta miwani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini anastaafu.

Watu arobaini walikuwa wamesimama wakisubiri niseme neno moja tu, “safi,” ili twende tukale.

“Alvah, bado,” nikasema. “Kuna doa limeinuka huku mwishoni.”

Nyuma yangu mtu alinitukana. Alvah alikuja akaniomba nimwekee kidole chake palepale. Nikaushika mkono wake, nikakiweka.

“Wengine wote humu wangenionea huruma, Orrin,” akasema. “Wewe hujawahi, bwana.”

Akachukua kikwangulio, akafumba macho, akalikwangua doa kwa mipigo saba myepesi. Nilipaka buluu upya. Madoa yakaenea sawasawa kutoka kichwani hadi mkiani, nami nikaligonga jina lake kwa nyundo yangu, herufi moja moja.

Nimeuonea wivu mkono wake, kofia yake na cheo chake. Tangu Jumanne namwonea wivu kwa jambo jingine: siku ilipofika, alikuwa na mtu wa kumwambia ukweli. Nami nitastaafu mwakani.

Kwa niaba ya chumba cha kukwangua, asante, Alvah, kwa kazi isiyoona aibu kukaguliwa. Wewe na mkeo Cordelia muwe na afya na siku nyingi za kukaa barazani bila king'ora cha kuwaita kazini. Ila mwakani, mwezi wa Machi, atakuja mtu kukuchukua na kigari cha farasi. Mashine yangu ya mwisho utaikagua wewe, kwa vidole, na nakuomba usinionee huruma.