Kiti cha Mashine ya Gundi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, kazi ya kuyasoma haya familia ilimpa mdogo wake wa mwisho, akakataa mara mbili, ya tatu akakubali baada ya kaka zake kumwambia kwamba safari hii asipotokea hakuna nyingine, basi ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Mei 1964, katika chumba cha nyuma ya kibanda cha baba yake, fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, na inasemekana siku hiyo baba, kwa furaha, alimshonea mteja suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Alianza shule ya msingi Januari 1971, akamaliza sekondari mwaka 1981, kisha akasomea uhazili, ambako alijifunza kupiga taipu bila kutazama vidole. Mama yetu alipofariki tarehe 3 Agosti 1983, kitindamimba wake alikuwa na miaka mitano, na ni dada aliyemwogesha, akamfundisha kufunga kamba za viatu, akamkagua madaftari, akamchapa alipostahili na mara moja moja asipostahili. Alimwita Kitinda. Mpaka leo, mtu mzima huyu na mvi zake, anafunga viatu kwa fundo lile lile.

Tarehe 2 Januari 1984 aliajiriwa kuwa karani wa mapokezi katika kiwanda cha maboksi, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, hadi mwaka 1998 akawa mkuu wa ajira. Hapo hapo kiwandani alikutana na fundi umeme ambaye alikuja kubadilisha taa ya ofisi yake mara nne, taa ikiwa nzima kabisa, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1990, wakajaliwa binti mwaka 1992 na mwana mwaka 1995, na sasa wajukuu watatu.

Kazini alijulikana kwa swali moja. Mkuu wa idara akija kuomba watu, dada hakumjibu mezani, alishuka naye hadi kwenye mashine, akaweka kiganja juu ya kiti chenyewe, akauliza, "Mwaka kesho, siku kama ya leo, kiti hiki kitakuwa na mtu?" Jibu likiwa hapana, aliagiza watu kwa wakala anayekodisha wafanyakazi, ambao hubaki kuwa watu wa wakala, na kazi ikiisha unawarudisha, na jibu likiwa ndiyo, alimwita yule wakala mwingine, anayekutafutia mtu, akamchuja, akakukabidhi, mtu akawa wako moja kwa moja. Vijana wa ofisini walipowachanganya mawakala hao aliwatania, akasema huyu anakuazima mwavuli, yule anakuozesha, na ole wako umrudishe bibi harusi kwao eti mvua imekatika.

Machi 2008 kiwanda kilifunga mashine mpya zenye viti arobaini, na wakurugenzi wakamwachia dada aamue kiti kipi ni cha kuajiri na kipi ni cha kukodi. Alizunguka siku mbili na fomu zake. Kiti cha tisa kilikuwa cha mashine ya gundi, ambayo haizimwi mwaka mzima, na mkuu wa idara alimwambia wazi kwamba kiti hicho kitakuwa na mtu hata wao wakishastaafu, tena mtu mwenyewe yupo, kazi anaijua, ni mdogo wake wa mwisho. Hapo ndipo dada, aliyekuwa hakosei, alipokosea. Aliogopa midomo ya watu, wasije wakasema anajaza ndugu zake kiwandani, akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri, "Hapana. Miezi mitatu."

Mdogo wake akakikalia kiti hicho kama mtu wa wakala, na miezi mitatu ile ikawa miaka kumi na moja. Wenzake walioajiriwa walivaa kadi za bluu, yeye wa kukodiwa ya njano, wenzake walikwenda likizo, yeye alijua kwamba akilala na homa siku mbili wakala ataleta mtu mwingine, hata mtoto wake alipozaliwa alipata habari kwa simu, mikono imejaa gundi. Kila mkataba ulipohuishwa, sahihi ilikuwa ya dada, na kila alipoulizwa alisema, "Vumilia, Kitinda, nalishughulikia." Ijumaa, tarehe 28 Juni 2019, dada alistaafu, akapewa saa ya ukutani na makofi mengi, na siku hiyo hiyo wakala akamtumia mdogo wake ujumbe kwamba Jumatatu asije. Alipokwenda kuchukua nguo zake za kazi, mtunza stoo aliyekuwa akisafisha makabati alimwonyesha ile fomu ya kiti cha tisa. Akaenda nayo kwa dada, akaiweka mezani, akakataa kukaa, akasema, "Umeniandika mpita njia, Dada," akatoka.

Hakurudi kwa miaka mitano na miezi saba. Dada aliugua figo tangu Septemba 2023, akalazwa tarehe 19 Januari 2025, akamtuma binti yake mara tatu kumwita mjomba, na mjomba alijibu kwamba atakuja akipata nafasi. Nafasi alikuwa nayo, tena tele, alikuwa nyumbani anafungua na kufunga redio mbovu. Kilichomzuia ni kiburi, na leo anakisema mbele yenu.

Dada alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Mdogo wake alifika saa nne na nusu. Nesi alimsimulia kwamba kando ya kitanda palikuwa na kiti cha plastiki, na kwa siku kumi na nane mgonjwa hakuruhusu mgeni yeyote akikalie, hata mumewe alikaa ukingoni mwa kitanda, na kila mtu alipokivuta, mgonjwa aliweka kiganja juu ya kiti, akasema, "Hapana, hiki kina mtu wake."

Familia inawashukuru madaktari, na nesi huyo ambaye hakukiondoa kiti, majirani waliopika na kufua bila kuitwa, wafanyakazi wenzake wa kadi za bluu, na ninyi wa kadi za njano mliokaa kule nyuma, ambao mlikuwa na sababu zote za kutokuja, na mmekuja.

Dada, mdogo wako alikusamehe zamani, hakujua tu aanzie wapi kukwambia. Amechelewa, lakini amekaa. Pumzika kwa amani, Kitinda yuko kwenye kiti chake.