Rael Chepkorir na Kamba ya Ndama

Ndugu waombolezaji, majirani wa hapa Ainabkoi, wageni mliotoka Eldoret mjini, na wewe Memsabu wa nyumba kubwa uliyeletewa kiti mbele, familia inawashukuru kwa kufika. Ninayesoma ni Stephen, mwana wa Mzee Chelimo aliye ndugu wa marehemu, lakini maneno ni ya Jepkosgei, binti wa pekee wa marehemu, ndiye aliyewauliza wazee mmoja mmoja, na ameomba yasomwe bila kulainishwa, kwa hivyo atakayeona aibu atazame nyasi.

Rael Chepkorir alizaliwa mwaka wa 1908, tarehe haijulikani, ila mamake alikuwa akisema ni mwaka ule magari ya ng'ombe ya Makaburu yalipopanda huku juu yakizama kwenye matope, na mtoto alikuwa bado mgongoni walipoambiwa kwamba mto na malisho yote sasa ni shamba la mtu. Alifuatwa na Mzee Chelimo, huyu mnayemwona ameinama.

Kuhusu masomo ya marehemu, hakuna. Mwaka wa 1915, meno ya utoto hata hayajaisha kung'oka, alipelekwa nyumba kubwa kubeba mtoto wa kiume wa Kaburu tuliyemwita Ndevu, kwa maana babake aliambiwa wazi kwamba akitaka ng'ombe zake zilale hapa atoe msichana, naye akatoa. Chepkorir alilala sakafuni jikoni, mtoto akilia usiku naye akichelewa kuamka, ni kiboko, mpaka siku moja akatoroka akarudi kwao mbio, akidhani amefika. Amefika wapi! Babake alichukua kamba ya ndama, akamfunga mkono, akamrudisha jioni hiyohiyo. Haya Jepkosgei hakuyajua maisha yake yote, ameyajua juzi Jumapili, alipomkalisha Mzee Chelimo na kumuuliza mama alikuwa mtoto wa namna gani, na mzee akalia kwanza ndipo akasema.

Tarehe 12 Desemba 1926 marehemu aliolewa na Kimeli, ambaye naye alishatutoka, mchunga ng'ombe wa shamba hilihili, wakapata mvulana aliyechukuliwa na surua akiwa mdogo, na Jepkosgei, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1929. Kazi ya marehemu ilikuwa kukamua, na alikamua hapa mpaka vidole vikapinda.

Januari 1937 Jepkosgei aliingia darasa la misheni, akajua kuandika jina lake, akalichora kila mahali, mpaka kwenye majivu ya jiko. Kufikia Juni alikuwa ameshatolewa, kwa sababu yule mtoto aliyebebwa na marehemu alikuwa sasa bwana mwenye mke na mtoto wake, naye pia alitaka mgongo. Jepkosgei alichapwa kama mamake, akatoroka kama mamake, akaja akamshika magoti akimlilia, na mama huyu tunayemzika leo akaenda ukutani, akatoa kamba ya ndama. Alama iko kwenye mkono wa kulia wa Jepkosgei, ukimsalimia utaiona. Tangu alipoolewa na Wilson mwaka wa 1945, alikuwa akimletea mamake maziwa, anaweka mlangoni, anaenda zake.

Mtauliza kama kujua hayo ya juzi kumemtuliza. Hakujamtuliza hata kidogo, kumemchoma zaidi, maana alikuwa akifikiri mamake hakujua inavyouma, kumbe alijua, na bado akafunga.

Mwezi wa Mei mwaka huu marehemu alianza kuumwa kifua, tarehe 19 Julai akalazwa hospitalini Eldoret, akarudishwa nyumbani akiwa mifupa mitupu. Akiwa kitandani, nyumba kubwa ilituma neno kwamba mtoto wao wa mwisho anataka yaya, wampeleke Esther, binti wa Jepkosgei, mwenye umri wa miaka minane. Marehemu, huku akikohoa, alisema Esther aende, kwani yeye mwenyewe alienda, Jepkosgei akaenda, na nani alikufa? Jepkosgei alimwambia anyamaze, na hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoambiana. Rael Chepkorir alifariki Jumamosi, tarehe 7 Agosti 1954, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, Mama Musimbi aliyemwosha na kumgeuza kama mama yake mzazi, Khisa na Walubengo waliochimba kaburi hili kwenye mvua, na wenzake wote wa kukamua. Memsabu pia tunakushukuru kwa mbao za jeneza, ni mbao nzuri. Na kwa kuwa Kiswahili cha jikoni unakisikia, sikia na hiki cha makaburini: Esther uliyemngojea haji. Unayotaka kutuambia kuhusu malisho usijisumbue nayo, ng'ombe za Wilson zilishuka jana kwenda kwa ndugu zake rizavu, kwenye ardhi tuliyotengewa sisi Waafrika, nasi tukishafukia tunazifuata, na huko kuna shule, na Esther ataingia, ng'ombe zipate nyasi zisipate.

Kamba ile Jepkosgei ameitoa ukutani leo asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka ndani ya jeneza miguuni pa mamake, akasimama hapo mpaka msumari wa mwisho ukaingia. Hajamsamehe, na ameomba hilo lisomwe pia. Lakini ameomba lisomwe na hili la mwisho, tena akasema lisomwe kwa sauti, ili yule msichana aliyekuwa akilala jikoni alisikie.

Lala sasa, Chepkorir, lala mpaka usingizi wote uliokatiwa uishe, na mtoto wa nyumba kubwa akilia, mwache alie.