Picha Yenye Ndevu

Kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege, bwana mmoja mwenye suti, abiria kama sisi, alimwinamia mama mshonaji aliyekaa kando yangu. "Mama, hebu nione pasipoti yako. Jina lisipolingana na la tiketi, hupandi ndege."

Mama akabana mkoba kwapani. "Tiketi kanikatia mkwe, kaandika jina ninaloitwa mtaani. Jina langu halisi anaona haya kulitamka. Wewe linakuhusu nini? Toa yako kwanza!"

Bwana akaitoa kwa maringo. Mama akaitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha. "Huyu ana ndevu."

"Nilinyoa jana."

"Ndivyo wasemavyo matapeli wote." Hapo nami nikavuta begi langu karibu.

Basi likasimama mbele ya mlango wa ukaguzi. "Tangulia, mama," bwana akasema, akipapasa kidevu. "Aa, baba, tangulia wewe."