Aliyeunyamazisha Upepo wa Tambarare

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari, mkuu wa kituo chetu cha hali ya hewa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutazama anga. Tunamwita Mzee Shwari, maana hilo ndilo neno alilopenda kulitangaza. Kiangazi hapa tambarare nyasi hukauka kama karatasi na upepo hubandua mabati, lakini katika taarifa zake hali ilikuwa shwari. Ikizidi kuchafuka, ilikuwa shwari kiasi.

Alianza kama msomaji wa vipimo, akapanda vyeo taratibu bila kumtia mtu hofu hata mara moja. Wakulima walimpigia simu kabla ya kuchoma mabua shambani, naye aliwajibu kwa sauti ya mtu aliyetoka kula akashiba.

Mafanikio yake makubwa yalitokana na usingizi. Kipima upepo kilikuwa kwenye mlingoti nje ya dirisha lake, na kilipozunguka kililia mpaka kikamkatiza usingizi wa mchana. Badala ya kukitia mafuta, aliamuru kihamishiwe nyuma ya ghala, kwenye kona ambako hata vumbi huenda kupumzika. Mwaka uliofuata tambarare ikarekodi upepo mpole usio na kifani. Makao makuu hayakuuliza kitu. Yalituma cheti cha pongezi, kikatundikwa ukutani kwa makofi.

Kiangazi kilichopita shemeji yake, mkulima, alipiga simu kuuliza kama achome mabua. Mzee Shwari akaenda nyuma ya ghala, akakuta kipima kimetulia tuli, akarudi kwenye simu. "Choma tu, shemeji. Hata upepo wa kuzima kiberiti haupo." Karani wa mapokezi, ambaye wakati huo alikuwa ameuegemea mlango kwa mgongo ili usifunguliwe na upepo, alizidi kukaza miguu.

Moto uliruka shamba ukaelekea nyumba ya mama mkwe wake. Tumpe haki yake: alifika kabla ya zimamoto, na viatu vya ofisini na gunia lililolowa maji, akamtoa bibi huyo akiwa amembeba mgongoni. Majirani waliusikia mzigo wake ukiuliza, "Mkwe wangu, na hii nayo ni shwari?" Mzee Shwari alikuwa anakohoa.

Baadaye dhoruba ikashuka na mvua ya mawe, ikauzima moto. Taarifa ya jioni ilisema mvua hiyo ilitarajiwa. Haikutarajiwa na mtu yeyote. Hakuna aliyekufa, lakini nyumba ilibaki kuta tupu.

Kesho yake alikirudisha kipima mlingotini kwa mikono yake, bila kuambiwa. Wakulima bado wanampigia simu. Wanamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, wanashukuru, kisha wanatoka nje kutazama miti. Cheti bado kipo ukutani. Makao makuu hayajakiulizia.

Mama mkwe anaishi sebuleni kwa mstaafu wetu tangu siku hiyo, na kila taarifa ya hali ya hewa ikisomwa redioni, anacheka. Mzee ameahidi kumwezekea nyumba yake. Jumamosi asubuhi fundi anamtarajia juu ya ngazi, na bibi atakaa chini na kiti chake kusimamia kazi.

Asante kwa miaka yote, mzee. Tunakuombea afya, magoti imara na misumari mirefu. Jumamosi kutakuwa na upepo mkali.