Nathaniel Prem Bisht na Kamera ya Mwalonini

Ndugu waombolezaji, kwa ruhusa ya mjane, Bi. Sushila Hazel, nasoma kwa niaba ya familia maisha ya mdogo wetu, marehemu Nathaniel Prem Bisht, jina tunaloomba liandikwe kamili msalabani, kwa kuwa lile la Nattu hakulipenda.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 hapa Silkhet, wilaya ya Almora, katika milima hii ya India, akiwa mtoto wa nne wa Mwalimu Ezra Bisht, akasoma shule ya misheni ya wavulana hadi mwaka 1963, ambako walimu waliandika kwamba ana akili nzuri ila hakai kitini. Mwaka 1967 aliajiriwa kuwa mlinzi wa misitu, kazi iliyomfaa mtu asiyetulia, akaulinda msitu wa mialoni ulio juu ya kijiji mpaka alipostaafu mwaka 2006. Alifunga ndoa na Sushila Hazel Cornelius tarehe 18 Oktoba 1974, wakajaliwa watoto wawili, Ruth Anita na Samuel Deepak.

Mwezi Mei 2018 moto uliuchoma msitu huo, na watu wakasema dubu wamekwisha. Marehemu hakukubali, maana kama dubu jike hawezi tena kulea humo, basi yeye alikuwa amelinda kuni tu miaka yote ile. Samuel akamnunulia kamera ya kufunga mtini, ile inayopiga picha yenyewe mnyama akipita, naye marehemu akaifunga kwenye mwaloni karibu na chemchemi, na kila majira ya machipuko, maua mekundu ya miti ya buransh yakianza kuchanua mlimani, akawangoja watoto wa dubu. Kungoja ndiko kulikomshinda. Alipanda mlimani kila asubuhi kuifungua, sigara ya bidi mdomoni, kwa hiyo picha nyingi zilikuwa za uso wake mwenyewe, na nyingine za wanawake wakata nyasi wakiitolea kamera ulimi. "Kaka, leo umemnasa dubu au pua yako tena?" walimwuliza, naye akawajibu, "Pua hii ni nzuri kuliko nyuso zenu zote!" Mkewe alimwambia, "Baba Ruth, unamngoja mgeni huku umesimama mlangoni unanuka moshi, ataingia vipi?" Mwaka jana aliapa mbele ya mchungaji kwamba hataigusa kamera mpaka Juni, akaapa Jumapili, akapanda Jumatano.

Mwezi Desemba mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa hospitalini Haldwani mwezi Februari, na hata kitandani miguu yake haikutulia, akimwuliza kila aliyeingia kama buransh imechanua. Tarehe 6 Aprili Samuel alimwambia, "Baba, naenda kuleta picha uzione." Marehemu akamshika mkono. "Usiende. Sasa ndipo dubu anapowatoa wanawe. Mwache apite." Alifariki tarehe 9 Aprili 2024, alfajiri, bila kuziona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walinzi wenzake wa misitu, na majirani walioleta kuni na mikate ya ulezi bila kuombwa. Dada zetu wakata nyasi, tunawasihi mpite njia ya chini mpaka mwisho wa Mei. Kamera ingali mwalonini, haijafunguliwa, na Samuel tangu juzi amevaa viatu mara mbili, mama yake akamvua mara mbili.

Nathaniel, miguu inatuwasha sote, lakini hakuna atakayepanda, tutangoja kama ulivyoagiza. Wewe sasa pumzika kwa amani.